Jinsi Nyandwi Alivyoingia Korali kwa Klarineti

Nyandwi alikwenda Area 23 kununua viatu vya kaunjika, akarudi kambi ya wakimbizi ya Dzaleka na klarineti.

Viatu hivyo vya mitumba ndivyo vilivyomlisha. Kila alipopata lifti ya kwenda Lilongwe alichambua marundo sokoni, akarudi navyo, akavishona, akavipiga rangi na kuvipanga juu ya gunia mbele ya nyumba yake. Safari hii, katikati ya rundo, alikuta kisanduku cheusi. Ndani, juu ya kitambaa chekundu kilicholiwa na nondo, vililala vipande vya bomba la plastiki nyeusi vyenye vibonyezo vya kung'aa. Muuzaji mwenyewe hakujua ni kitu gani. "Chitoliro," alisema, maana yake filimbi, kisha kwa uaminifu akaongeza kwamba ameipuliza tangu Krismasi na haijawahi kutoa hata mlio. Kwa sababu hiyo aliiuza kwa bei ya chini kuliko jozi moja ya buti nzuri. Nyandwi akaona amepata bahati. Masokoni wenye bahati ya namna hiyo hawaishi.

"Viatu viko wapi?" Kaneza, mke wake, alimuuliza.

"Nimeleta kitu bora kuliko viatu."

Kaneza akakitazama kile kibomba mkononi mwa mumewe, akatazama na miguu yake. "Haya. Kesho ukienda kulima utakivaa."

Tusimwonee, hakuwa mjinga. Alikuwa na haja moja tu, na kambi nzima iliijua: alitaka kuimba katika korali. Kwao Burundi alizaliwa wa saba, kama jina lake linavyosema, nyuma ya ndugu sita ambao wote walikuwa waimbaji. Kila Jumapili wale sita walisimama mbele ya watu, na yeye alibaki kwenye benchi amewashikia makoti. Vita ikawatawanya, kila mtu na njia yake. Yeye akajikuta Dzaleka, karibu na kanisa, hana koti la mtu la kushika, akasema moyoni kwamba sasa zamu yake imefika.

Korali iliona vingine. Iliongozwa na Mama Mathilde, mshonaji aliyetoka Bukavu, mwanamke mfupi aliyeweza kumnyamazisha mtu kwa nyusi. Alimpokea Nyandwi, akamsikiliza, akamtoa. Akampokea tena kwa huruma, akamtoa kwa huruma ileile.

"Papa Nyandwi, sauti iko, tena ya nguvu. Lakini haina adresi. Inatoka, inazunguka kartiye yote, inaingia kwa nyumba ya bantu."

Ndipo ikaja habari kwamba siku ya Pentekoste korali itakwenda kuimba katika parokia moja ya Area 18. Lori, mashati meupe, Lilongwe! Nyandwi akapiga hesabu yake. Mwimbaji anaweza kutolewa kwa ajili ya sauti, lakini mwenye chombo utamtoa kwa kosa gani? Chombo kimetoka kiwandani. Kikilia, kimelia sawa.

Kilichobaki kilikuwa kujifunza tu. Akamwendea Narcisse, kijana wa sauti ya tatu, ambaye kila mtu alijua kwamba kule Bukavu alikuwa katika fanfari, bendi ya shule.

"Ulipuliza klarineti?"

"Hapana, vieux. Mi nilikuwa wa ngoma kubwa. Lakini bale ba klarineti walikuwa wanasimama mbele yangu, miaka yote. Nawajua muzuri."

Aliwajua kweli, ila kwa nyuma. Alijua visogo vyao, mabega yao na viwiko vyao. Akafundisha alichokijua: shingo isipande unapovuta pumzi, viwiko viachane kidogo na mbavu, mguu mmoja utangulie. Baada ya juma moja Nyandwi alikuwa na mgongo wa mpulizaji hodari. Ukimtazama kutoka nyuma ungemlipa. Mambo ya mbele, ya midomo na meno, Narcisse hakuwahi kuyaona.

"Tena hii ni fupi," Narcisse alisema, akiizungusha mkononi. "Zetu zilikuwa ndefu. Hii ni ya mi bemol, ile ndogo. Kwa fanfari yote ilikuwako moja tu, na ilikuwa inalia juu ya bote kama mutoto wa njaa."

"Mkiinywesha uji itakua," Kaneza alisema kutoka jikoni.

Basi wakawa wanapapasa. Kwenye mdomo wa klarineti hufungwa kilimi, kipande chembamba cha tete, na pete ya chuma ya kukikaza. Nyandwi akakiweka upande wa juu, kwa kuwa kitu kizuri hakiwekwi chini. Akapuliza mpaka macho yakamtoka. Upepo uliingia huku ukatoka kule, ukaenda zake. Akapaka Vaselini kwenye maungio, akapuliza, ikawa kazi bure. Mpaka siku moja Narcisse, katika kuunganisha vipande kwa haraka, akageuza mdomo ule, kilimi kikakaa chini, juu ya mdomo wa chini wa Nyandwi. Klarineti ikalia.

Haikulia kama muziki, ila ililia. Haikupita muda mtoto wa jirani yao, Vénérande, akasimama mlangoni na sahani.

"Mama anauliza kama nyama ya mbuzi imebaki."

Tangu hapo Nyandwi alikuwa anakwenda kupulizia kule kwenye mashimo ya kufyatulia matofali, ambako watu hawakuwa na sahani. Kilimi kilipopasuka alichonga kingine kwa tete la kijitoni kwa kisu chake cha viatu, akaharibu vingi, kimoja kikakubali. Shida ilikuwa vidole. Klarineti ile ndogo ina matundu yaliyokaribiana kama meno, na vidole vyake vilikuwa vya fundi viatu. Kidole kikiziba tundu moja kilifungua jirani yake. Matundu ya chini yakamshinda kabisa. Akabaki na yale ya juu, na kwa hayo, noti kwa noti, akajifunza wimbo mmoja wa Roho Mtakatifu kutoka mwanzo hadi mwisho.

Alhamisi moja akaingia na kisanduku chake kwenye mazoezi, chini ya turubai la kanisa. Mathilde alimtazama, akatazama kisanduku, akasema haya, tusikie. Nyandwi akatanguliza mguu, akaachanisha viwiko, akaanza. Korali ikamfuata.

Kumbe wimbo ulianzia pale ambapo siku zote ulikuwa unaishia. Kwenye mstari wa kwanza wanaume wa sauti ya tatu waligeuka wanawake. Kwenye mstari wa pili wanawake wa sauti ya kwanza walibaki vinywa wazi, mishipa imesimama, na hakuna kilichotoka. Watu wa besi tu ndio waliofurahi, kwa sababu kwa mara ya kwanza walisikika.

"Simama! Simama!" Mathilde akapiga makofi. "Papa Nyandwi, unataka kutuua? Teremuka!"

"Mama, hiki kimetengenezwa kiwandani. Hakiwezi kukosea. Labda ni koo zenu."

"Hata bunduki inatoka kwa fabrique, papa, na njo tuliikimbia."

Watu wakacheka mpaka turubai likatikisika. Nyandwi akaanza kufungua vipande vyake, anavirudisha kisandukuni kimoja kimoja. Mathilde akamtazama anavyovilaza juu ya kile kitambaa chekundu. Akasema:

"Ngoja. Unaweza shuka mpaka hapa?" Akaimba noti moja, ile ya kuanzia, akaishikilia.

Nyandwi akaunganisha tena, akaanza kuishukia ile noti tundu kwa tundu, anapotea, anapiga yowe, anarudi. Mathilde hakuiachia. Mwishowe klarineti ikatua juu ya sauti yake.

"Hapo! Usisogee. Vidole bigande hapo hapo." Akafuta jasho. "Wewe utatupa mwanzo. Utapuliza hii moja, sisi tutaingia, na wewe utanyamaza. Sawa?"

Hivyo ndivyo alivyoingia korali. Noti moja. Watu walimcheka kwamba ameajiriwa kupiga honi. Yeye hakujali, alikuwa anakwenda Lilongwe. Ila noti yenyewe ilikuwa chini, huko kwenye matundu yaliyokuwa yamemshinda, ikabidi aipulize kule mashimoni asubuhi na jioni, ndefu, mpaka pumzi iishe. Kwenye mazoezi Mathilde aliiimba, yeye akaipuliza, na kama sauti hizo mbili hazijashikana, kitu kilitetemeka baina yao kama nzi kwenye chupa. "Bado." Anasukuma midomo kidogo. "Bado." Mpaka yule nzi anyamaze.

Pentekoste lori likawachukua, likapita chini ya Capital Hill, ofisi zote za serikali zimefungwa, likawashusha Area 18. Kanisa lilikuwa limejaa. Nyandwi, shati jeupe, alisimama pembeni ya sauti ya tatu na kilimi mdomoni ili kisikauke. Mathilde akampa nyusi. Akapuliza. Noti ikatoka safi, korali ikaingia ndani yake kama watu wanaoingia nyumbani kwao, na akina mama wa Area 18 wakapiga vigelegele.

Katika ubeti wa tatu Nyandwi alishtuka. Narcisse alikuwa anateleza chini. Kidogo tu, lakini nzi yule alikuwa analia. Nyandwi akawatazama watu, hakuna aliyegeuka. Maisha yake yote hakuwahi kusikia kitu kama hicho. Kwa furaha akashusha klarineti, akaanza kuimba naye kwa chini, amwonyeshe njia.

Akaisikia sauti yake mwenyewe: nzi wake alilia kuliko wa Narcisse.

Alifika nusu ya mstari, akafunga mdomo. Hakuufungua tena mpaka misa ikaisha.

Nje, Mathilde alimjia amejaa furaha. "Papa Nyandwi! Mi nilikuona. Ulisikia Narcisse, eh? Mutu anayesikia vile anaweza kuimba. Alhamisi uje kwa sauti ya tatu."

Mwaka uliopita, ili asikie maneno hayo, angalitembea kwa miguu mpaka Burundi.

"Hapana, mama. Zikomo, asante. Mi nitabaki na noti yangu."

"Unakataa?"

"Nakataa, mama. Nisamehe."

Mathilde akamtazama kuanzia viatu mpaka kichwa, akaondoka. Alipopanda lori alikuwa ameshawaambia wengine. "Muone! Bamama ba Area 18 walimupigia vigelegele, sasa hataki tena kuchangana na siye."

"Ameisha kuwa musisien," Narcisse akasema.

Lori lilipoacha mji mtu akaanzisha wimbo wa furaha, wote wakadakia, wakamgongagonga Nyandwi mabegani aimbe. Hakuimba. Tangu neno la kwanza alijua kwamba wameanzia juu mno na wanawake hawatafika. Walipokwama kwenye kiitikio wakacheka wote, wakaegemeana. Yeye hakucheka, na hilo nalo likaongezwa kwenye majivuno yake.