Sahani ya Pili ya Gogo NyaLuhanga

Tiwonge Msiska alikuwa na miaka minane akipiga deki wodi ya wanawake katika hospitali ya misheni kule Rumphi juu, na katika miaka hiyo yote hakuna aliyemwita nesi ila wagonjwa wenye homa kali. Kazi yake ilikuwa kuosha watu, kuwageuza, kubadilisha mashuka na kumwaga vyombo vya haja. Sindano hakuruhusiwa kuigusa, wala kuandika kwenye chati. Lakini mfukoni mwa aproni alikuwa na daftari alilolifunga kwenye mfuko wa sukari, na kila alipopata upenyo alisoma. Pumzi za mtu mzima aliyetulia, kumi na mbili hadi ishirini kwa dakika. Mtihani wa kuingia chuo cha uuguzi ulikuwa mwezi wa tatu. Kilichobaki ni barua ya Sista NyaKumwenda, mkuu wa wodi, na mama yule barua zake hazikutoka kirahisi. Mwaka uliotangulia alimnyima Tiwonge kwa sababu ya jibu moja tu lililomkera.

Ilikuwa Februari, mwezi wa njaa, mahindi bado mabichi shambani. Ndipo alipoletwa bibi kizee, Gogo NyaLuhanga, kitanda cha tisa, moyo umechoka, miguu imevimba hata kusimama hawezi, macho yamefunikwa na utando mweupe. Alikuja na mjukuu wake Mwiza, aliyempikia kwenye jiko la nje pamoja na ndugu wa wagonjwa wengine. Mchana wa kwanza Mwiza aliingia na sahani mbili za sima. Moja akampa bibi yake. Ya pili, na dagaa wa usipa juu yake, akaiweka kwenye kigoda upande wa miguu, akaifunika.

"Hiyo ya nani, dada?" Tiwonge akauliza.

"Ya mgeni. Gogo anasema ana mgeni."

"Mgeni gani? Saa ya kuona wagonjwa bado."

"We NyaMsiska," Gogo akadakia kutoka kitandani, akimwita kwa jina la ukoo, "mgeni haulizwi jina kabla hajala. Kwenu hamkufundishwa?"

Wodi nzima ikacheka. Sahani ilikaa pale mpaka jioni, na hakuna aliyeigusa, ingawa mle ndani walikuwamo watu ambao kwao sima ilipikwa mara moja kwa siku. Mwiza akaenda kuwamwagia mbwa. Mbwa wa Februari, wanaokula hata sabuni, waliinusa wakaenda zao.

Siku ya tatu, baada ya chakula, Gogo aligeuza uso. "Ameinuka," akasema. "Kaenda kuketi kitanda cha nne."

Kwenye cha nne alilala mama mmoja wa makamo mwenye ugonjwa wa ini. Kulipokucha alikuwa ametutoka. Siku mbili baadaye Gogo akasema mgeni yuko cha kumi na moja, na kesho yake cha kumi na moja kikawa kitupu. Kicheko kikakoma. Wanawake wakaanza kulala wamenyoosha miguu hadi mwisho wa godoro, ili pasibaki nafasi ya mtu kuketi.

Tiwonge naye aliogopa, nisimsingizie ushujaa. Ila alikuwa mbishi, na daftari lilimpa pa kushika. Asiyeona husikia, alijiambia. Pumzi ya mgonjwa hubadilika kabla ya kitu kingine chochote, na bibi huyu anaisikia sisi tukiwa tunapiga soga. Hoja hiyo ilimtuliza, akapata usingizi.

Ijumaa, saa nane mchana, Gogo akasema polepole, "Sasa yuko kwa mzazi."

Mzazi alikuwa Lusungu, msichana wa miaka kumi na tisa, kitanda cha sita, siku ya tano tangu ajifungue. Alilalamikia uchovu tu. Tiwonge akasimama na ndoo yake mkononi, akatazama saa ya ukutani, akahesabu kifua cha yule binti kikipanda na kushuka. Thelathini na nane. Akarudia. Thelathini na nane. Kwenye chati paliandikwa ishirini. Akachungulia chati ya jirani: ishirini. Ya tatu: ishirini. Wodi nzima ilipumua mara ishirini, kwa mwandiko wa Sista NyaKumwenda.

Hapo akaiona barua yake ikichanika. Kisha akamwona yule mtoto mchanga akinyonya bila habari, akaenda mezani kwa Sista.

"Sista, Lusungu anapumua mara thelathini na nane."

Sista hakuinua kichwa. "Leo ufagio umejua kusoma?"

"Nimehesabu dakika nzima. Mara mbili."

"Nani kakutuma? Unataka kuniambia mimi sikuhesabu?"

Tiwonge akatua ndoo yake sakafuni. "Sikuambii kitu, Sista wangu. Njoo umtazame tu. Nikikosea, barua usiandike, wala sitaiomba tena."

Sista aliinuka kwa hasira, saa yake ikining'inia kifuani, akaenda kuhesabu. Alipofika nusu dakika uso ukabadilika. "Mwite tabibu," akasema. "Kimbia!"

Kipande cha kondo la nyuma kilikuwa kimebaki tumboni kikioza. Walimsafisha, wakamtundikia dripu, wakamchoma sindano usiku na mchana. Jumapili Lusungu alimwimbia mwanawe, na Tiwonge akajificha stoo ya mashuka akalia kwa furaha.

Gogo peke yake hakufurahi. Jumatatu asubuhi, Tiwonge alipokuwa akimwosha miguu, alimwambia, "Mmemzuia, hamjamfukuza. Yuko pale pale kwa binti. Ana njaa."

"Chakula si anawekewa kila siku, Gogo?"

"Anawekewa, na hakuna anayekula naye. Wewe ungekula peke yako kwenye nyumba ya watu?"

Mchana Mwiza alipoleta sahani zake mbili, Gogo alisukuma ya kwanza akaomba ya kwenye kigoda. Akanawa. Akamega sima, akatowea, akatafuna taratibu, akila upande mmoja tu wa sahani, kama alaye na mwenzake. Tiwonge aligeuka kuchukua ndoo. Alipotazama tena, sahani ilikuwa tupu pande zote mbili.

Mwiza akashika kichwa. "Gogo! Umekula naye!"

"Mgeni akishakula husindikizwa, mjukuu wangu. Usilie, watu wanalala."

"Mpaka njia panda tu, Gogo, kisha urudi," Tiwonge akamtania.

"Mimi natembea polepole, NyaMsiska. Msinisubiri."

Tiwonge akahesabu pumzi zake. Kumi na nane. Akahesabu tena, kumi na nane. Akamwita Sista, na Sista, ambaye siku hizi alihesabu kweli, akapata kumi na nane. Wakaiandika kwenye chati. Gogo alikuwa amejigeuzia ukutani, amelala vizuri.

Kabla ya chai ya saa kumi alikuwa ameshakwenda.

Kumwosha maiti ilikuwa kazi ya Tiwonge. Alivuta pazia, akaanza usoni kama desturi, akashuka mikononi. Alipofunua shuka miguuni, akaketi chini. Nyayo zile, ambazo kwa wiki mbili hazikugusa sakafu na ambazo yeye mwenyewe aliziosha asubuhi ile, zilikuwa na udongo mwekundu mbichi hadi vifundoni, kama za mtu aliyetoka njia ya mvua. Hakumwita mtu. Alibadilisha maji mara tatu, mpaka zikatakata.

Lusungu alikwenda kwao Jumatano, mtoto mgongoni. Siku hiyo Sista alimtupia Tiwonge bahasha. "Barua yako hiyo. Na usinishukuru, nitabadili nia."

Mwezi wa tatu, swali la nne la mtihani liliuliza pumzi za mtu mzima mwenye afya ni ngapi kwa dakika. Tiwonge aliandika kumi na mbili hadi ishirini, kwa kuwa hilo ndilo lenye maksi. Leo ni nesi, na wanafunzi wake humsifu kwamba huhesabu dakika nzima, hapunguzi. Wasichoelewa ni kwa nini akimaliza hufunua shuka upande wa chini, akazitazama nyayo za mgonjwa.