Shahidi wa Vidonge

Chama chetu cha Waafrika Mashariki kule Gaithersburg, Marekani, kilikuwa kimejitolea kuisaidia kliniki ya kaunti. Wagonjwa wa kifua kikuu walitakiwa kunywa vidonge mbele ya mtu, kila siku ya kazi, kwa miezi sita. Nilipewa karatasi ya maelekezo niitafsiri. Kiswahili sanifu nilijifunza mwenyewe kwa kamusi, baada ya kazi ya ghala, na nilijivunia. Nikaandika: "Utameza dawa mbele ya shahidi."

Mgonjwa wangu wa kwanza alikuwa mama wa Kitanzania, mtunza wazee majumbani. Alikuwa ameruhusiwa kutoka hospitali, lakini asingerudi kazini bila barua ya kliniki, na barua haikutolewa kwa mtu anayeruka dozi. Siku mbili nilibisha mlango wake asubuhi. Siku mbili taa ilizimwa. Ya tatu nikasema kwa sauti, "Hodi, mama. Nimeleta vidonge tu."

"Uko na nani?"

"Peke yangu."

Alifungua kidogo, mnyororo ukiwa umekaza, akapenyeza ile karatasi ya maelekezo aliyopewa kliniki. "Shahidi wa nini, mwanangu? Kesi yangu iko mahakama gani?"

Nikamweleza kwamba shahidi ni mimi, na kazi yangu ni kutazama. Alicheka hadi akakohoa, akafungua mnyororo.

"Nyie Wakenya! Kiswahili chenu kina pingu. Na dawa hunywewa, baba. Kumeza ni kazi ya chatu."

Akachomoa kalamu mfukoni mwangu, akalikata lile neno "shahidi", akaandika juu yake: *mgeni*. Kisha akanywa vidonge vyote vinne, nami nikatia alama.

Tangu siku hiyo hakuruka. Theluji ikaja, ikayeyuka. Miti ya maegesho ya magari ikachanua. Karatasi mpya tulizigawa hadi mji wa Herndon, zote zikiwa na neno lake. Yenye mwandiko wake ninayo bado.

Siku ya kidonge cha mwisho alisema, "Kesho uje bila dawa. Mgeni hafukuzwi kwa kuwa mwenyeji amepona."

Nilikwenda. Barua ya kazi ilikuwa juu ya friji, imebanwa kwa sumaku. Alimimina chai ya iliki, akapiga funda la kwanza. Nami, kwa mazoea, nikamkazia macho kooni mpaka likapita.

"Shahidi," akaniambia, "hii ni chai."