Ndimu Kwenye Kombe la Bibi

Juzi katikati ya mji, muuza mapambo mmoja alinionyesha kombe la zamani, gamba la baharini lililogeuka jiwe. Limepakwa vanishi, limefanywa kisahani cha kuzimia sigara. "Cheki boss, hii kitu imeng'aa!" Akh! Nilishikwa na kinyaa mpaka mate yakanijaa mdomoni, nikatoka bila kuaga. Lakini nikwambie ukweli, rafiki yangu, kinyaa hicho sikumwonea yule muuzaji.

Sisi watu wa Pwani tulikaa bara, mtaa wa Woodley, na bibi alikuwa na kombe kama lile. Babake, mchimba mawe, alilikuta ndani ya jiwe la kujengea akampa siku alipoolewa. Macho ya bibi yalikuwa yameshapofuka, kwa hiyo alilisoma kwa kidole gumba. Chini kabisa, ncha mbili kama masikio, moja kubwa, moja ndogo yenye pengo. Kutoka hapo mbavu ishirini na moja zilitawanyika kama upepeo, na juu ya kila ubavu vigamba vidogo vilivyokwaruza kama ulimi wa paka. Kila alasiri, chai ya tangawizi pembeni, alizihesabu zote. Akimaliza husema, "Haya, nimeshaamkiana na baba."

Idd ikikaribia, kazi yangu ilikuwa kusugua masinia ya shaba kwa ndimu na jivu. Mwaka mmoja, kwa kiherehere changu, nikaona kombe nalo limefubaa. Nikamwambia bibi nalichukua kidogo, namtayarishia zawadi ya Idd. Nikalitumbukiza kwenye maji ya ndimu, likatoa povu, nami mjinga nikashangilia nikidhani ni uchafu unaotoka, kumbe ndimu inalila kombe lenyewe! Siku tatu nzima nikaongeza ndimu na kusugua kwa waya wa sufuria. Likatoka jeupe, lina utelezi kama kipande cha sabuni kilichosahauliwa majini. Ptuu! Hata leo nikilikumbuka natema mate.

Asubuhi ya Idd nikampa. Akapitisha kidole, akapitisha tena.

"Hili si langu," akasema. "Umenibadilishia, mwanangu. Niletee langu."

Nikamjibu, "Ndiyo bibi, nitakuletea." Na mpaka alipofariki kila alasiri aliniuliza kama nimelipata, nami kila alasiri nikamwambia bado natafuta.

Siku hizi wakikamua ndimu mezani mimi huinuka. Lile kombe laini ninalo kabatini. Huwa nalishika nikiwa nimefumba macho, nikitafuta ubavu hata mmoja.