Kunde Zisizopita Motoni

Scholastika wa Mtinko, mjane anayelima kunde na alizeti, alikuwa na wadhifa ambao hakupewa na mtu yeyote wa serikali. Majirani zake walipopika kunde za msimu mpya, sufuria ya kwanza haikupakuliwa kabla hajaionja. Akimeza, watu walikula. Akitema majivuni, sufuria ilirudishwa jikoni bila ubishi, kwa maana moto ulikuwa haujamaliza kazi yake. Aliirithi kazi hiyo kwa mama mkwe wake, na aliniambia kwamba kinywa chake ndicho kitu pekee ambacho hakuwahi kumwazima mtu.

Kisha kiwanda kidogo cha vyakula kikafunguliwa Mandewa, mjini Singida, na binti yake Amne akaajiriwa humo kwa majaribio. Kiwanda kilisaga kunde zilizolowekwa, kikakamua maji yake mazito na kuyafunga katika pakiti. Amne alimwahidi mkuu wake kwamba mama akimeza, Mtinko nzima itakula. Wanawake wakaalikwa, na Scholastika akawekwa kiti cha mbele.

Fundi wa mtambo, Gasto, aliwaamkia shikamoo mmoja mmoja, kisha akaeleza. Pakiti huzamishwa katika maji ndani ya pipa nene la chuma, na maji hayo husukumwa kwa nguvu kupita uzito wa bahari pale ilipo na kina kirefu. Vijidudu hufa. Protini ya kunde, ambayo hujikunja kama uzi uliofungwa fundo, hufunguka, nyuzi zikashikana, na maji ya kunde ndani ya pakiti yakaganda bila kuchemshwa.

Scholastika alimuuliza kama moto uliingia mahali popote.

"Hapana, bibi. Shinikizo tu."

Pakiti ikafunguliwa. Kilichotoka kilikuwa na rangi ya maji yaliyooshewa vyombo. Kilitikisika sahanini, kikakiachia kijiko kwa shida na kuacha utelezi kama kamasi. Watu wa Singida si wageni wa utelezi, mlenda tumekulia. Lakini mlenda huja mezani na joto lake na chumvi yake. Hiki kilikuwa baridi kama mkono wa maiti, na kilinuka ganda bichi na majani yaliyopondwa. Gasto hakuficha: shinikizo hubadilisha umbo la protini, alisema, ila harufu ya ubichi haliiondoi yote.

Scholastika alikitia mdomoni, akatafuta majivu kwa macho. Sakafu ilikuwa ya vigae. Amne akamwinamia.

"Mama, meza. Nakuomba. Usiniaibishe."

Hapa masimulizi yanatofautiana. Amne anasema mama yake alitabasamu. Asnath, jirani aliyekaa pembeni yake, anasema uso ulimkunjamana hadi masikioni. Scholastika mwenyewe anakumbuka tu kitu kama chura kikikwama kooni, kisha kikishuka taratibu. Wote wanakubaliana kwamba alimeza.

Wanawake wakala kwa kumwamini. Asnath alikimbilia mtaroni akatapika hadi machozi yakamtoka, lakini kwa kinyaa tu. Hakuna aliyeugua, na katika hilo Gasto alisema kweli. Amne alithibitishwa kazini.

Msimu uliofuata, Asnath alipika kunde mpya. Scholastika alienda na kijiko chake, kama desturi ilivyotaka. Asnath alimkaribisha, akamuuliza hali za nyumbani, akafunua sufuria. Mvuke ulipopanda alichota, akapuliza, akaonja mwenyewe na kumeza. Ndipo akamjazia Scholastika sahani kama anavyojaziwa mgeni yeyote.

"Karibu, Mama Amne. Kula tu. Hizi zimeiva, si za kukutesa koo."

Wengine wakacheka kidogo, wakainamia sahani zao. Scholastika alikula. Kunde zilikuwa laini, zimeiva sawasawa, na kila tonge lilimrudishia ule ubaridi ulimini. Kijiko chake alikifunga tena ndani ya kanga.