Nane Niliyoichora Mto Lea

Nilikwenda London kumwona mwanamume. Binti yangu Neema, nesi huko Lewisham, alikuwa amenipigia simu kusema amepata mchumba: Mkongomani wa Uvira aitwaye Espoir, anayetunza wazee majumbani mwao. Ndugu zangu pale Voi walikataa kabla hata ya kuona picha yake. Nikawaambia wanyamaze, nitakwenda mwenyewe.

Jumamosi asubuhi tulipanga kwenda watatu kuvua samaki, maana Espoir anapenda uvuvi kuliko mpira. Chai haijaisha, Neema akaitwa kazini.

"Mum, wameniita shift. Nendeni tu," alisema huku akifunga viatu.

Nikaachwa na mtu ambaye hajawa mkwe, na kwetu mkwe na mama mkwe hawakai hata benchi moja.

Kutoka Lewisham tulipanda treni ya DLR. Alikaa mbali nami kwa heshima, fimbo za kuvulia katikati ya magoti. Stratford tukabadilisha treni, tukashuka Tottenham Hale, tukatembea hadi Mto Lea.

Mtoni palikuwa na baridi ya Oktoba na majani ya manjano yakielea. Espoir alifungua kisanduku akanipa chambo: samaki wa mpira, laini kama sikio la mtoto, mwenye mkia unaotikisika ukimvuta. Kati ya uzi na chambo akafunga kipande cha waya.

"Pike iko na meno mingi, Mama. Uzi tu anakata."

Pike, alinieleza, ni samaki mrefu wa kijani anayevizia wenzake kwenye magugu. Kazi yangu ilikuwa kutupa chambo, kukiacha kizame, kuvuta polepole, kusimama, kuvuta tena. Nilinasa matawi. Nikanasa mengine. Kila mara alikuja kuninasulia bila kuguna.

"Ulijifunza Uvira?" nikamwuliza.

"Hapana, Mama. Hapa hapa. Nilikuwa nangoja karatasi, sina ruhusa ya kazi, natembea tu nisiwaze sana. Mzee mmoja akaniachia fimbo yake nijaribu. Ile siku nililala vizuri." Akatazama maji. "Alipougua, nilimwosha mimi, mpaka mwisho."

Nikatupa chambo tena.

Kilikuwa kimefika karibu na miguu yangu, naanza kukiinua, nilipoona kivuli kirefu kama mkono wangu kimetulia nyuma yake.

"Usitoshe, Mama," Espoir alinong'ona.

Nilidhani ananiambia sitoshi. Nikamkazia macho. Kumbe kwao kutosha ni kutoa.

"Acha ndani ya maji. Chora nane. Namba nane."

Nikapiga magoti, nikazamisha ncha ya fimbo, nikachora nane kubwa ya darasa la kwanza. Kile kivuli kikageuka nayo. Mzunguko wa pili, maji yakapasuka usoni pangu.

Fimbo ilipinda kama upinde. Nikapiga kelele kwa Kitaita. Espoir alinishika koti nyuma nisitumbukie, na hakuna kati yetu aliyekumbuka adabu za ukwe. Hatimaye akamwingiza samaki kwenye wavu.

Alilowesha mikono, akamlaza juu ya mkeka uliolowa, akaitoa ndoano kwa koleo ndefu, akimsemesha kwa sauti ya chini.

"Tunampika na nini?"

"Hatupiki, Mama. Anarudi kwake."

Akamshikilia majini mpaka akachapa mkia na kutoweka. Samaki wa kwanza wa maisha yangu! Nilicheka mpaka machozi yakanitoka, naye akacheka.

Kwenye treni ya kurudi alikaa kando yangu, tukala chapati za Neema kutoka bakuli moja.

Nilichojifunza nilikiona pale kwenye mkeka: mikono ile haina haraka na kiumbe kisichoweza kujitetea. Jioni nikampigia kaka yangu Voi.

"Waambie wazee watafute siku ya kupokea wageni kutoka Uvira."

"Umeamua upesi hivyo? Ulimwuliza nini?"

"Sikumhoji," nikamwambia. "Tulivua samaki."