Mstari wa Majivu

Kila ninapozoa majivu ya jikoni asubuhi, yakiwa bado na uvuguvugu na harufu ya magunzi ya mahindi, shangazi hunijia akilini na ndoo yake ya majivu.

Uwanja wa mpira ulikuwa wa mji mzima, lakini kucheza kulihitaji kibali cha ofisi ya kata, na kwetu mwenye kibali ndiye aliyechora mistari. Chokaa hatukuwa nayo, tulichora kwa majivu. Jioni moja shangazi, nahodha wa timu ya wanawake, aliwakuta madereva wa malori waliokwama kwenye foleni ya mpakani wanapiga mpira humo.

"Dada, tuachieni bwana," mmoja alisema, mguu juu ya mpira. "Nyie mtacheza kesho."

"Kibali chetu ni cha leo," shangazi alijibu, wala hakupaza sauti. Alinipa ncha ya kamba ya kunyooshea mstari, akainama, akaanza kuchora kutoka kwenye kona. Majivu yalishuka laini kama unga kwenye chekeche. Alipomfikia yule dereva hakupindisha mstari wala kumwomba apishe. Alimwaga juu ya kiatu chake, akaendelea.

Dereva alikitazama kiatu chake, akaokota mpira, akatoka nje ya mstari. Wenzake wakamfuata, wakakaa kutushangilia mpaka filimbi ya mwisho ya mechi yetu.

Leo nimemwaga majivu uani bila kuangalia. Nilipogeuka, yalikuwa yamechora mstari ulionyooka, na jirani yangu amesimama ng'ambo yake, anapiga hodi.