Sahani Nyeupe na Matete ya Mzee Kahindi

Siku ya kwanza kazini nilikabidhiwa sahani. Sahani hii hii ya kulia wali, ya bati, nyeupe, imetobolewa katikati ikapitishwa kamba yenye mafundo. Nikamtazama Bwana Maji, afisa aliyekuja kunifunza kazi, nikadhani ananifanyia mzaha kwa kuwa mimi ni mtoto wa Muyeye, mtu wa mjini, sijui hata kuogelea.

"Bi Zuhura," akaniambia, "ishushe polepole. Ikipotea machoni, hesabu mafundo."

Kila fundo lilikuwa shibiri moja. Tulikuwa ndani ya mtumbwi katikati ya ziwa, na mimi nimeushika ubavu wake kwa mkono mmoja kama niliyepanda ngamia. Nikashusha. Sahani ikazama, bado naiona. Perege wakaja kuizunguka, wakiigonga kwa midomo, nikawaona mpaka magamba. Ilipotea fundo la saba. Subhanallah! Nimezaliwa na kukulia kando ya bahari, na siku zote maji nilikuwa nikiyatazama juu tu. Sikujua kwamba yana ndani.

"Siku ambayo sahani haifiki shibiri mbili," akasema Bwana Maji, "njoo unigongee mlango hata kama ninakula."

Ziwa lenyewe liko bara, nyuma ya Malindi. Si kubwa, ukiita ng'ambo hii, ng'ambo ile wanakuitika. Mto unapofurika hulijaza kupitia mfereji mmoja wenye lango la mbao. Mashamba yamelizunguka pande zote. Kuna ya jamaa wa mjini, minazi na miembe waliyoachiwa na mababu zao, na kuna ya Wagiriama, mahindi na mihogo. Zamani kila mwamba ngoma alivutia kwake: huyu anafungua lango usiku, yule anaoshea magunia ya mbolea mumo humo. Walipochoka kugombana wakaunda Umoja wa Wenye Ukingo, wakakubaliana neno moja ambalo hadi leo nalipenda: shamba ni lako, maji ya mbele yake si yako. Lango halifunguliwi na mtu mmoja. Ng'ombe hunywa mahali pamoja. Sabuni haiingii ziwani.

Wakaniajiri mimi niwe mpimaji wao. Kila asubuhi nilisoma ubao wa kipimo, ule uliochomekwa majini na namba zake, kujua ziwa limepanda au limeshuka. Kila Jumatatu nilishusha sahani. Na mwezi ukiandama nilizunguka ukingo wote kwa miguu na kuandika kitabuni hali ya kila shamba, kisha kitabu kikasomwa mkutanoni mbele ya wote. Kusomwa vibaya pale, wanangu, ilikuwa fedheha. Watu wazima walikuwa wakinisubiri njiani na maembe.

Mwenyekiti wa kwanza alipostaafu akaingia Mwenyekiti wa pili, mtu wa mjini, kanzu yake haina hata kikunjo. Akatembea ukingoni, akatazama matete yaliyosimama majini pande zote, marefu kuliko mtu, yamejaa viota na majani makavu. Akaniuliza, "Bi Zuhura, nyumbani kwako uwanja unaufagia?"

"Kila alfajiri, Mwenyekiti."

"Basi hapa mbona tunaishi na jaa?"

Sisi watu wa pwani tunajuana. Mwanamke ambaye uwanja wake una jani moja saa mbili asubuhi, majirani wanauliza kama anaumwa. Yale maneno yalinichoma, nami nikawa wa kwanza kushika panga. Ikatengwa siku, masufuria ya pilau yakapangwa, wakaja wenye mashamba na wake zao na wakwe zao. Tukakata matete, tukang'oa mizizi, tukachoma, tukafagia kwa chelewa mpaka mchanga ukabaki na mistari ya fagio. Jioni ziwa lote lilikuwa jeupe ukingoni. Tulilitazama tukapigiana makofi.

Isipokuwa shamba moja. Mzee Kahindi, shamba lake liko kwenye kona, pale ziwa linapoingia ndani kama mfuko, alisimama mbele ya matete yake na fimbo.

"Ziwa si uwanja wa nyumba," akasema. "Haya mmeyapanda nyinyi?"

Nilikuwa nimelewa usafi. Nikafungua kitabu pale pale nikaandika: *Ukingo mchafu. Mwenyewe mkaidi.* Kikasomwa mkutanoni. Watu wakacheka. Mzee yule, aliyekuwa akinipa muhogo kila mwezi nikipita, akanyanyuka, akachukua fimbo yake akatoka. Tangu siku ile nikimwambia shikamoo haitiki. Mara ya kwanza nilidhani hakusikia. Mara ya tano nilijua. Hujaijua aibu mpaka shikamoo yako ianguke chini mbele ya watu, hakuna wa kuiokota.

Zikaja mvua za masika. Udongo mwekundu wa mashamba ukateremka moja kwa moja mpaka majini, hapakuwa na wa kuuzuia. Jumatatu nikashusha sahani: fundo la kwanza, haipo. Nikaipandisha nikaipangusa, kana kwamba kosa ni la sahani. Juma la pili perege wakaanza kuelea, matumbo juu. Ndege waliokuwa wakilala kwenye matete walizunguka jioni wakitafuta pa kutua, kisha wakaenda zao. Nikaenda kumgongea Bwana Maji. Alikuwa anakula kweli.

Tukazunguka pamoja kwa mtumbwi. Kila mahali maji kama chai ya maziwa. Tukafika kona ya Mzee Kahindi, tukapenya katikati ya matete, na hapo, jamani, sijui niseme vipi. Maji yalikuwa maji. Nikashusha sahani, fundo la pili naiona, la tatu naiona, la nne bado inang'aa. Katikati ya mashina walijaa perege wadogo wasiohesabika, ziwa zima limekimbilia pale. Nilipima mara tatu. Mara ya tatu nilikuwa nalia, na Bwana Maji, mtu asiyependa maneno, alivua kofia.

"Matete ndiyo chujio lake," akasema. "Mlilitoa mapafu, Bi Zuhura."

Mwenyekiti namsifu kwa hili: nilipomweleza hakutafuta wa kumtupia. Alisimama mkutanoni akasema, "Niliyeamrisha ni mimi." Kisha akaongoza watu wote mpaka kwa Mzee Kahindi kuomba miche. Mzee akawasikiliza amekaa. Akauliza, "Aliyeandika yuko wapi?"

Nikajitokeza.

"Aanze yeye kuchimba."

Niliingia topeni mpaka mapajani, na leso zangu mbili mpya. Akanielekeza kutoka juu: kata mzizi wenye macho mawili, usiuache ukauke, uchomeke ulale kidogo upande wa bara. Nilipotoa wa kwanza nikaunyanyua, mikono yote tope, nikasema, "Shikamoo, Mzee Kahindi."

"Marahaba, mwanangu," akasema. "Sasa toa wa pili."

Kila mwenye shamba akarudisha hatua kumi za ukingo wake, tukapanda pande zote kutoka kona ile moja. Haikuwa kazi ya mwaka mmoja. Sahani ilirudi shibiri kwa shibiri, na siku ilipofika shibiri ya saba nilikuwa peke yangu mtumbwini, nikapiga kigelegele mpaka ng'ambo wakatoka nje kuuliza nani ameolewa. Mpaka leo siamini. Kitu tulichokiua kwa mapanga kwa siku moja, kilikuwa tayari kutusamehe, kinangoja tu tuache kukifagia.

Nilitaka kuufuta ule mstari kitabuni. Nilikwenda na wembe na kitabu mpaka kwa Mzee Kahindi nimwonyeshe nikiukwangua. Akaufunika ukurasa kwa kiganja chake. "Usifute. Ukifuta, watakuja wasafi wengine."

Mzee ametangulia mbele ya haki. Mimi nimestaafu mwaka huu, magoti hayataki tena mtumbwi. Aliyeshika nafasi yangu ni binti kutoka Matsangoni, amesomea mambo ya maji, hodari, viatu vyake vinang'aa. Siku ya makabidhiano alitaka aanze na ubao wa kipimo. Nikamwambia ngoja. Nikamkalisha, nikamfungulia kitabu ukurasa ule, nikamwekea kidole kwenye mstari.

Akasoma. Akainua macho akatazama matete ya kona ile, marefu, yamejaa ndege. Akasoma tena, akakunja uso.

"Haya! Nani alikuwa mjinga hivi akaandika maneno haya?"

"Mimi," nikamwambia. "Sasa chukua sahani."